Jinsi ya kutambua injini za mvuke za China

Anayetaka kutambua injini ya mvuke ya China pichani aanze na magurudumu, kwani rangi haisaidii: nyingi ni nyeusi zenye magurudumu mekundu. Hesabu madogo ya mbele, kisha makubwa yaliyounganishwa kwa vyuma, kisha madogo ya nyuma, pande zote mbili; idadi hizo tatu huandikwa kwa mfuatano huo, kama 2-10-2. Mazoezi yafanyike kwenye Makumbusho ya Reli ya Nairobi, mbele ya Garratt (injini yenye seti mbili za magurudumu, ndiyo maana ya alama ya +) nambari 5918, Mount Gelai, iliyoundwa Manchester. Mpangilio wake, 4-8-2+2-8-4, ni mgumu kuliko wowote utakaoukuta China.

Ukipata 2-10-2, karibu hakika ni injini ya aina ya QJ, yaani Qianjin, jina lenye maana ya kusonga mbele, ambayo kiwanda cha Datong kiliendelea kuiunda hadi 1988. Mpangilio wa 4-6-2 ni wa treni za abiria, kama aina za RM na SL. Utata halisi uko kwenye 2-8-2, kwa kuwa JF, JS na SY zote zinao. Hapo tazama umbo: SY, iliyotoka kiwanda cha Tangshan kuanzia 1960, ni ndogo na nyepesi, na mara nyingi hupigwa picha migodini au viwandani. JF, yenye asili ya Kijapani, ndiyo kongwe kati ya hizo tatu.