Namna ya kuzisaka na kuziondoa blogu taka zinazonakili maandishi yako

Mwandishi wa Kiswahili mtandaoni hukutana na blogu taka siku anapotafuta makala yake mwenyewe na kukuta nakala imeitangulia, ikiwa imezungukwa na matangazo pande zote. Mimi niliikuta makala yangu ya mkate wa kumimina ikiwa imepewa jina la "mkate wa kumwaga". Tui zito lilikuwa limegeuka "maziwa mazito ya nazi", iliki imekuwa "kadiamu", na pale nilipoelekeza kwamba rojo liachwe liumuke, nakala ilielekeza liachwe "lifufuke". Hakuna mtu aliyewahi kusimama jikoni akaandika hivyo. Ilikuwa dhahiri kwamba programu imeichukua makala, ikaitafsiri kwa Kiingereza, ikairudisha katika Kiswahili na kuichapisha bila jicho la binadamu kuipitia.

Kabla ya kuchukua hatua, inafaa kuelewa blogu hizi zinajipatia wapi riziki, kwa kuwa kila hatua itakayoelezwa hapa inakusudia kuikata. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, waanzilishi wa Google, walieleza mbinu ya kupanga matokeo ya utafutaji iitwayo PageRank, ambamo kiungo kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine huhesabiwa kama kura ya kuukubali, na haukupita muda mrefu kabla ya watu kugundua kwamba kura hizo zinaweza kughushiwa kwa kufungua mamia ya blogu zinazoelekeza viungo kwenye tovuti moja. Google ilipoanzisha AdSense, huduma ya kuwalipa wenye tovuti kwa matangazo, mwaka 2003, likaongezeka kundi la pili la blogu taka, ambalo halina haja ya viungo: linataka msomaji afike tu, aone matangazo, na senti ziingie. Maandishi ya kumvutia msomaji huyo hupatikana kwa kuvuna milisho ya RSS (faili ambazo blogu hutoa ili programu zisome makala zake mpya) ya blogu za wengine, kwa kubadilishabadilisha visawe, kwa tafsiri ya kwenda na kurudi, na siku hizi kwa akili bandia.

Injini ya utafutaji inapokutana na nakala kumi za makala moja hulazimika kukisia ipi ni ya asili, na hukosea pale nakala inapokaa kwenye tovuti kongwe yenye viungo vingi kuliko blogu yako changa. Google imejaribu kujirekebisha mara kadhaa: badiliko la mfumo wake wa kupanga matokeo liitwalo Panda, la Februari 2011, liligusa takriban asilimia 12 ya utafutaji wa Marekani, na Machi 2024 kampuni hiyo ilipiga marufuku uzalishaji wa kurasa kwa wingi kwa nia ya kupanda katika matokeo, ziwe zimeandikwa na mashine au na watu. Kwa maoni yangu Kiswahili bado kinaumia zaidi, kwa sababu kurasa zinazoshindana ni chache na hata nakala mbovu hupanda kwa urahisi. Mzazi anayetafuta matokeo ya kidato cha nne anaweza kupitia kurasa kadhaa za "bofya hapa" kabla ya kuifikia tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, yenyewe.

Anza kwa kuzisaka nakala. Chagua katika makala yako sentensi moja yenye maneno nane hadi kumi na mawili, ambayo ni vigumu mtu mwingine kuiandika vilevile, uiweke ndani ya alama za kunukuu kwenye kisanduku cha utafutaji, kisha uongeze -site: ikifuatwa na anwani ya blogu yako bila nafasi, ili kurasa zako zisitokee. Mbinu hii huzinasa nakala za moja kwa moja, lakini nakala iliyopitishwa kwenye tafsiri itaponyoka. Kwa hiyo tafuta pia vitu ambavyo mashine haibadilishi: majina ya watu na mitaa, vipimo ulivyovipanga kwa namna yako, na hasa picha. Nakala ya makala yangu niliipata kwa Google Lens, huduma ya kutafuta kwa picha, kwa sababu mwizi alitafsiri kila neno lakini akaliacha sinia langu lenye pembe iliyobonyea.

Ukishaipata, hakikisha ni blogu taka kweli. Blogu inayoendeshwa na programu huchapisha kwa vipindi vinavyolingana usiku na mchana, huchanganya mapishi, mikopo na dawa za nywele bila mpangilio, haina ukurasa wa kujitambulisha, na kila makala huandikwa na mtu aitwaye "admin". Ikiwa ni msomaji aliyependa makala akainakili bila kujua taratibu, mwandikie kwa upole kwanza. Wengi huiondoa siku hiyohiyo na kuomba radhi.

Kusanya ushahidi kabla ya kulalamika. Piga picha ya skrini inayoonyesha tarehe na anwani nzima ya ukurasa, hifadhi ukurasa huo kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, inayotunza nakala za kurasa za mtandao, na uandike kando anwani ya makala yako pamoja na tarehe uliyoichapisha. Usiitegemee tarehe inayoonekana kwenye nakala, kwa kuwa programu inaweza kuirudisha nyuma ipendavyo.

Malalamiko ya kwanza yapeleke kwa kampuni inayoihifadhi tovuti, kwa sababu mwenye blogu mwenyewe hatakujibu. Blogu ikiwa kwenye Blogger au WordPress.com, huduma hizo zina fomu zake. Ikiwa na anwani yake binafsi, itafute kwenye huduma ya WHOIS, inayoonyesha taarifa za usajili wa anwani za mtandao; ukikuta imejificha nyuma ya Cloudflare, kampuni inayopitisha mawasiliano ya tovuti za wengine, lalamika huko nao wataipeleka taarifa yako kwa mhifadhi halisi. Wahifadhi walio Marekani hufuata sheria ya hakimiliki ya DMCA ya mwaka 1998, inayotaka taarifa itaje kazi iliyoibwa, anwani kamili ya nakala, mawasiliano yako, tamko kwamba unaamini kwa nia njema kuwa matumizi hayo hayakuidhinishwa, tamko kwamba taarifa yako ni sahihi na kwamba wewe ndiye mwenye haki au umeidhinishwa naye, ambapo kudanganya kuhusu haki hiyo ni sawa na kuapa uongo, na sahihi yako. Kwa kuwa Tanzania na Kenya zimo katika Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, huhitaji kuwa umesajili makala yako Marekani. Jihadhari na jambo moja: taarifa hiyo inaweza kupelekwa kwa mlalamikiwa ikiwa na jina lako, na zile zinazopelekwa Google huweza kuwekwa hadharani kwenye Lumen, hifadhi ya mtandaoni ya maombi ya kuondoa maandishi, kwa hiyo tumia barua pepe ya kazi na usiweke anwani ya nyumbani pasipo lazima.

Baada ya hapo jaza fomu ya hakimiliki ya Google, na ya Bing, injini ya utafutaji ya Microsoft, ikibidi. Fomu hizi huuondoa ukurasa kwenye matokeo ya utafutaji tu. Ukurasa wenyewe hubaki palepale mpaka mhifadhi auondoe, ndiyo maana nimetanguliza mhifadhi. Ripoti ya spamu ni fomu nyingine, na malalamiko kwa mtandao wa matangazo ni mengine. Haya ya mwisho watu huyasahau, ilhali ndiyo yanayogusa mfuko.

Upande wako, badilisha mlisho wa blogu ili utoe muhtasari badala ya makala nzima. Kwenye WordPress mpangilio huo uko katika sehemu ya kusoma. Ndani ya kila makala weka kiungo kimoja au viwili kwenda kwenye makala zako nyingine, ukiandika anwani nzima, ili mvunaji mvivu azibebe na nakala yake ikuelekee wewe. Na ukitaka kuwaeleza wasomaji wako malalamiko yako, usiweke kiungo cha kawaida kwenda kwenye blogu taka, maana utakuwa umeipigia kura. Weka picha ya skrini, au tumia alama ya nofollow, inayoiambia injini ya utafutaji isikihesabu kiungo kama kura, ambayo Google, Yahoo na MSN zilikubaliana nayo Januari 2005.

Nakala ya mkate wangu iliondolewa, kisha ikaibuka tena kwenye anwani nyingine, kadiamu yake ikiwa palepale. Taarifa ya kwanza nilikuwa nimeitunza, hivyo ya pili ilinichukua dakika chache tu: nilibadilisha anwani na tarehe, nikatuma.