Panga saa ya kulala kwanza, saa ya kuamka itafuata

Miezi ya Juni na Julai, baridi ya Mbeya, Makete na Njombe inapouma tangu kabla ya jua kuchomoza, ratiba ya mwanafunzi ipangwe kwa kuanzia usiku. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12, kwa hiyo anayeamshwa saa 11 alfajiri ili awahi namba ya kufika shuleni anapaswa awe amelala ifikapo saa 2 usiku, jambo lisilowezekana katika nyumba ambayo maharage yanainjikwa jikoni saa 1 na ugali unasongwa saa 3. Yachemsheni mchana, jioni yaungwe tu, na daftari la kazi ya nyumbani lifunguliwe kukiwa bado na mwanga.

Mwalimu wa taaluma naye anaweza kusaidia bila gharama yoyote. Katika kipindi cha kwanza cha asubuhi ya baridi, vidole vimekufa ganzi kiasi kwamba penseli haishikiki vizuri, hivyo ni busara kipindi hicho kiwe cha kusoma kwa sauti au cha masimulizi, na Hisabati isogezwe hadi jua litakapopasha darasa joto.

Kwa vijana wa sekondari hali ni tofauti kidogo, kwa sababu katika balehe usingizi huchelewa kuja kwa maumbile yenyewe, wala si ukaidi. Kumwamsha saa 10 usiku akajisomee, desturi ninayoiona imetukuzwa mno, humpunguzia usingizi ambao ubongo unautumia kuhifadhi alichojifunza jana.