Kutazama samaki kwenye miamba ya Bangwe, kisha kushuka Ujiji

Ondokeni Kigoma saa moja asubuhi. Kati ya Mei na Septemba kusi, upepo wa kusini, hulitawala Ziwa Tanganyika, na boti linalochelewa huyakuta mawimbi nje ya rasi ya Bangwe, ambako ghuba haliwakingi tena. Patana na nahodha bei pamoja na muda wa kusubiri Ujiji kabla hajawasha injini, maana ugomvi mwingi huanzia hapo.

Kila abiria avae jaketi okozi, lifungwe vishikizo vyote. Tanganyika ni maji matamu, hayakubebi kama ya chumvi. Hata aliyezoea kuelea Zanzibar huku huchoka mapema.

Miwani ya kuzamia ijaribiwe nchi kavu. Ibandike usoni bila kupitisha mkanda, vuta hewa kwa pua, achia mikono. Ikidondoka, chukua nyingine. Inayovuja ukishaingia majini mara nyingi imebana unywele au imekalia sharubu. Kuzuia ukungu, temea mate kioo kwa ndani, sugua, suuza mara moja. Mrija ukiingia maji, usivute: puliza kwa nguvu mara moja.

Nanga itupwe mchangani, injini izimwe na pangaboi lisimame kabisa ndipo watu washuke. Uhondo uko kwenye kina cha mita moja hadi nne, samaki wanapokwangua ukoga kwenye mawe. Wengi ni jamii ya sato, na hata kuhe wa sahani yako ni wa ukoo huo. Ziwa lina zaidi ya aina 200 za jamii hiyo, karibu zote hazipatikani kwingine. Tulia juu ya jiwe moja, usipige miguu. Ukiona samaki koo limevimba, huenda ni jike aliyebeba mayai au vitoto mdomoni. Aina nyingine hulea hivyo kama wiki nne. Usimfukuze, akishtuka anaweza kuyatema.

Epukeni matete na fukwe zenye makazi, ndiko konokono wa kichocho hupenda. Hata hivyo, pimeni wiki sita hadi nane baadaye. Mapema mno kipimo huweza kukosa ugonjwa, na dawa, praziquantel, haiui vizuri minyoo michanga.

Kwa Ujiji, beba kanga au shati na suruali kavu, mji ni wa Waislamu wengi. Kutoka ufukweni mnatembea hadi makumbusho, mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Ulizeni pia njia ya misafara iliyokwenda hadi Bagamoyo, iliyopitisha pembe za ndovu na watumwa. Hiyo ndiyo historia kubwa zaidi ya hapa.