Kuichambua Namba 68,800 kwa Kalamu na Karatasi

Wanafunzi wa Mwanza wamezoea kusoma kwamba Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, lakini ni wachache wanaoitazama namba yenyewe. Anza na sifuri mbili za mwisho: zinaonyesha kwamba namba inagawanyika kwa 100, yaani 2 × 2 × 5 × 5, na hivyo inabaki 688. Igawe 688 kwa 2 mfululizo upate 344, 172, 86, kisha 43, ambapo ni lazima usimame. Kwa kuwa 43 haigawanyiki kwa 2, 3 wala 5, na 7 × 7 ni 49, ambayo tayari imeizidi, huna haja ya kujaribu zaidi: ni namba tasa.

Kwa hiyo 68,800 ni 2⁶ × 5² × 43. Ili kupata idadi ya vigawo vyake, ongeza 1 kwenye kila kipeo (wengi husahau kipeo cha 43, ambacho ni 1 ingawa hakiandikwi), kisha zidisha: 7 × 3 × 2 = 42. Kipeo hicho hicho kisicho shufwa ndicho kinachoizuia 68,800 kuwa namba mraba. Ukiizidisha kwa 43 unapata 2,958,400, ambayo kipeuo chake cha pili ni 1,720.