Namna ya Kuitembelea Elbphilharmonie ya Hamburg: Kutoka Majini Hadi Kitini

Wageni wengi ninaowapokea Hamburg huwa wameshaliona paa la Elbphilharmonie, jumba la muziki la mji huu wa bandari wa Ujerumani, kwenye simu kabla hawajaliona kwa macho: paa la mawimbi juu ya jengo la kioo, nalo jengo la kioo limekaa juu ya ghala la matofali mekundu, maji pande zake tatu. Wanachoomba ni kupelekwa juu wakapige picha. Nawapeleka. Lakini kazi yangu ni kuwatembeza watu wa lugha yetu katika mji huu, wanakwaya, wanafunzi, wazee waliokuja kuwaona watoto wao, na naiona tofauti kati ya aliyepanda, akatazama bandari, akashuka, na aliyekaa kitini akasikia okestra ikianza. Nyumba hii imejengwa kwa ajili ya sikio. Hata kama una siku moja tu, ipange ili jioni ikukute ndani ya ukumbi. Utaratibu ninaoufuata ni huu.

Hatua ya kwanza: tiketi, kabla hujafunga begi

Tiketi ziko za aina mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya Plaza, lile baraza kubwa la umma lililoko pale matofali yanapokwisha na kioo kinapoanza. Ukiichukua siku hiyohiyo pale mlangoni ni bure. Ukitaka kujiwekea saa yako mapema mtandaoni, unalipa ada ndogo. Siku ya kazi asubuhi sioni haja ya kulipa. Jumamosi na Jumapili, na hasa mkiwa kundi, lipeni tu, mjiepushe na foleni.

Ya pili ni ya tamasha, na hii ndiyo inayohitaji akili. Ukumbi Mkubwa una viti 2,100, na zinapokuja okestra mashuhuri kutoka nje, viti hivyo huisha mapema mno. Usikate tamaa. Watu huugua, hubadilisha safari, hurudisha tiketi. Kwa hiyo fungua tovuti ya nyumba yenyewe tena na tena katika siku za mwisho, kisha jaribu dirisha la tiketi jioni yenyewe. Ukiona tiketi inauzwa kwingine kwa bei ya ajabu, huyo ni mlanguzi, mwache na mzigo wake. Njia nyingine ninayoipenda ni Ukumbi Mdogo wenye viti 550, ambao kuta zake ni za mbao zilizochongwa mawimbi. Humo hupigwa muziki wa vikundi vidogo, piano, jazi na muziki wa mataifa mbalimbali. Mgeni ambaye hajawahi kuhudhuria tamasha la namna hii humo hupata raha bila kuchoka.

Kuna pia matembezi ya kuongozwa ndani ya nyumba, kwa Kijerumani au Kiingereza. Ni mazuri, ila fahamu jambo moja: hawakuahidi kwamba utaingia Ukumbi Mkubwa, kwa sababu mchana mara nyingi kuna mazoezi. Aliyekuja kwa ajili ya ukumbi huo anunue tamasha.

Sasa kiti. Ukumbi Mkubwa hauna umbo la sanduku refu lenye jukwaa mwishoni. Jukwaa liko chini, karibu na katikati, na viti vinapanda kulizunguka pande zote kwa vipande vipande, kama mashamba ya ngazi ya Usambara yanavyopanda kutoka bondeni. Kwa hiyo hata aliye mbali kabisa hazidi mita 30 kutoka kwa anayeongoza okestra, na hakuna kiti cha kukionea haya. Ila viti havilingani. Vile vilivyo nyuma ya okestra vina faida kubwa: unamtazama mwongozaji usoni, unaona mikono na macho yake yakiomba kitu, na ngoma ziko chini yako kabisa. Kwa muziki wa okestra tupu, mimi mgeni wangu humketisha hapo bila wasiwasi. Lakini kama kuna mwimbaji, usikae hapo. Sauti ya mtu hutoka mbele kwa kufuata mdomo wake, na aliye mgongoni husikia mabaki. Januari 2019 mwimbaji mmoja maarufu duniani aliimba humo, na baadhi ya waliokaa nyuma yake wakalalamika wazi kwamba hawamsikii; magazeti yaliandika sana. Kukiwa na sauti ya mtu, lipa zaidi ukae mbele au ubavuni kuelekea mbele.

Hatua ya pili: fika kwa maji

Njia ya kawaida ni kupanda treni ya U3, kushuka kituo cha Baumwall, kisha kutembea dakika chache kuvuka daraja la Mahatma Gandhi. Mgeni wangu wa mara ya kwanza simpitishi huko. Nampeleka gati za Landungsbrücken tukapande feri namba 72, ambayo husimama miguuni pa jengo. Feri hii ni usafiri wa umma, tiketi ileile ya treni na basi inatosha, kwa hiyo huna sababu ya kulipia mashua ya watalii kwa safari fupi kama hii.

Ukiwa juu ya maji, simama nje upande wa mbele, uitazame nyumba kuanzia chini kwenda juu. Sehemu ya matofali ni ghala lililoitwa Kaispeicher A, kazi ya msanifu Werner Kallmorgen, lililojengwa kati ya 1963 na 1966. Lilihifadhi kakao, chai na tumbaku. Tazama vile vidirisha vidogo vilivyopangwa kwa mistari: ni ghala, bidhaa hazihitaji kuangaliwa na jua. Meli za makontena ziliponyima maghala ya namna hii kazi, likabaki tupu. Wasanifu wa Uswisi, Herzog & de Meuron, hawakulibomoa. Waliacha kuta zake za nje, wakatoa vilivyomo ndani, wakaongeza nguzo ardhini, kisha wakapandisha kioo juu yake hadi mita 110.

Sisi watu wa pwani tuna sababu ya kulitazama eneo hili kwa jicho la pekee. Wafanyabiashara wa Hamburg walikuwa na nyumba zao za biashara Zanzibar tangu katikati ya karne ya 19, na mwaka 1859 Hamburg, Bremen na Lübeck zilifunga mkataba wa biashara na Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1867 alifika kuishi mjini hapa Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, akiwa ameolewa na mfanyabiashara wa Hamburg. Kaburi lake liko Ohlsdorf, kaskazini mwa mji. Ukishuka kwenye feri, kabla ya kuingia, tembea nusu saa katika maghala ya Speicherstadt yaliyo jirani, ambayo tangu 2015 ni Urithi wa Dunia wa UNESCO. Kahawa, chai na viungo vilipita humo kwa miongo mingi. Bila kuyaona maghala hayo, mtu haelewi kwa nini ukumbi wa muziki umejengwa juu ya ghala.

Hatua ya tatu: panda taratibu

Ukishapita lango utakutana na ngazi za umeme ambazo sijaona mfano wake. Zina urefu wa mita 82, na zimepinda kidogo kama mgongo, hivyo unapoanza huoni mwisho wake. Kuta zake ni nyeupe, zimetiwa vibao vya kioo vinavyometameta. Safari inachukua kama dakika mbili na nusu. Simama, usikimbie. Ukifika mwisho wake kuna dirisha kubwa linaloangalia mto Elbe na bandari. Wengi hupita mbio kwenda juu, wewe kaa hapo kidogo, kwa sababu watu ni wachache. Kisha ngazi nyingine fupi inakufikisha Plaza. Anayetumia kiti cha magurudumu, au mzee ambaye miguu haimruhusu, aombe lifti. Wahudumu wataonyesha njia.

Hatua ya nne: Plaza

Uko mita 37 kutoka ardhini, na sakafu unayoikanyaga ni ya matofali. Toka nje kwenye roshani inayozunguka jengo lote. Anza upande wa magharibi, kwenye bandari na makarakana ya meli, kisha zunguka hadi uione minara ya makanisa na mtaa mpya wa HafenCity. Chukua koti hata mwezi Julai. Upepo wa mto huu haumwonei huruma mtu, na ukizidi sana roshani huweza kufungwa.

Hapo juu wageni huniuliza swali la fedha, nami hulijibu bila kuficha. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 2007 na nyumba ilitakiwa kuwa tayari 2010. Ilifunguliwa kwa tamasha tarehe 11 Januari 2017. Makadirio ya awali yalisema serikali ya mji itatoa euro milioni 77. Mwishowe ilitoa milioni 789. Ujenzi ulisimama zaidi ya mwaka kwa ugomvi kati ya mji na mkandarasi. Wananchi walikasirika, na walikuwa na haki. Ninachokipenda ni kwamba baraza hili lililo juu ya ghala halikufungiwa wenye tiketi za bei kubwa. Mtu yeyote anapanda.

Hatua ya tano: jioni ndani ya ukumbi

Fika mapema, angalau dakika arubaini na tano kabla. Kuna makoti na mabegi ya mgongoni ya kukabidhi, kuna ngazi nyingi zinazopinda kutoka ghorofa hadi ghorofa, na tiketi yako ina ghorofa, herufi ya eneo, mstari na nambari ya kiti. Bila utulivu utajikuta upande usio wako. Aliyechelewa haingizwi mpaka muziki upumzike. Kuhusu mavazi, nyumba haina sharti. Kitenge kizuri, kanzu, suti, suruali ya jinzi safi, vyote utaviona.

Ukishakaa, tazama kuta. Zimefunikwa vibao vya jasi vipatavyo 10,000, na hakuna viwili vilivyofanana. Vimechongwa vishimo vidogo vidogo, vya kina na upana tofauti, jumla yake kama milioni moja. Ukuta laini hurudisha sauti kwa mkupuo, ikamgonga mtu mmoja na kumkosa mwenzake. Ukuta wenye vishimo huipasua sauti na kuitawanya, kila aliyeketi akapata sehemu yake. Hesabu hizo ni za mtaalamu wa sauti kutoka Japani, Yasuhisa Toyota. Juu ya jukwaa inaning'inia sahani kubwa, nayo hurudisha sauti chini.

Kuna jambo usiloliona. Ukumbi mzima, tani 12,500, hauligusi jengo lililouzunguka. Umekalishwa juu ya springi 362. Nje kuna bandari yenye meli zenye honi, ndani mnasikia mpiga filimbi akivuta pumzi. Jioni ya kwanza niliyoketi humo nilisubiri kusikia meli, nikaishia kusikia ukurasa wa noti ukigeuzwa.

Utulivu huo una gharama kwa msikilizaji. Kikohozi chako kinafika kila pembe. Kunywa maji kabla, menya pipi yako mapema, zima simu kabisa badala ya kuiacha ikitetemeka. Picha zipigwe kabla na baada, kamwe si wakati wa muziki. Usipige makofi muziki unaposimama katikati ya utungo mrefu. Subiri mwongozaji ashushe mikono na ageuke. Usiogope kukosea, fuata tu walio karibu nawe.

Mazoezi ninayowapa wageni wangu ni haya. Okestra inapopatanisha ala, fumba macho, itafute obo, ala ya kupuliza inayotoa noti ya kwanza, kisha jaribu kunyoosha kidole pale ilipo. Muziki ukianza, shika ala moja ya chini, kwa mfano besi kubwa, uifuate dakika tano bila kuiachia. Kisha hama, ushike filimbi. Katika kumbi nyingi besi humezwa na wengine. Humu unaweza kuitenga kama uzi mmoja. Wanakwaya wanaelewa mara moja, kwa sababu ndicho wanachokitafuta kila Jumapili na hawakipati kwenye spika za kanisani. Muziki ukishuka kabisa, karibu na kimya, usitazame jukwaa. Watazame wasikilizaji wa upande wa pili.

Wakati wa mapumziko usitumie dakika zote kwenye foleni ya vinywaji. Nenda ukakitafute kinanda cha mabomba, kazi ya kampuni ya Klais ya Bonn. Kina mabomba 4,765, na baadhi yapo karibu na njia za watu, yamepakwa dawa ya kuyakinga ili yaguswe. Weka kiganja. Ni chuma baridi, na ukibahatika kuwepo siku kinapopigwa utakihisi kifuani kabla ya masikioni.

Tamasha likiisha, wacha umati utangulie kwenye makoti. Teremka Plaza kwanza, ambayo kwa kawaida huwa wazi hadi saa sita usiku. Ukirudi, usitegemee feri ya 72 kabla ya kuangalia ratiba ya usiku. Treni ya U3 kutoka Baumwall ndiyo njia ya uhakika, na ukiwa na wazee, teksi utazipata barabarani mbele ya lango.