Namna ya Kumjenga Mhusika Mtumwa katika Hadithi ya Uhalisiajabu kuhusu Mapinduzi ya Haiti

Katika uhalisiajabu, yaani usimulizi unaochanganya maajabu na maisha halisi, mpe mhusika wako kazi kabla ya kuandika muujiza wowote. Mwoneshe usiku katika kiwanda cha sukari cha Saint-Domingue, koloni la Ufaransa lililokuja kuwa Haiti, akisukuma miwa kwenye kinu huku usingizi ukimlemea, akijua kwamba kidole kikinaswa mkono wote utafuata. Inasimuliwa kwamba François Mackandal, mtumwa mtoro aliyeongoza upinzani dhidi ya wakoloni, alipoteza mkono wake kwa namna hiyo. Msomaji aliyekwisha kuuhisi uzito wa kinu atayapokea maajabu bila kuomba ushahidi.

Muujiza wenyewe uchote katika imani za watumwa, wala usiubuni ili kupamba. Mackandal alipochomwa moto hadharani mjini Cap-Français, Januari 1758, alichomoka kwa muda katika mti aliofungiwa. Wakoloni walisema alikamatwa tena akateketea, ilhali watumwa wengi waliamini kwamba alijigeuza mbu na kwenda zake. Usiwe hakimu wa ubishi huo. Simulia kwa macho ya mhusika wako, na ufute kila “kana kwamba” na “ilisemekana”, kwani maneno hayo ni mlango wa nyuma ambao mwandishi mwoga hujiachia. Andika tu kwamba mbu alipita juu ya kofia za askari, na mwanamke mmoja katika umati akainamisha kichwa kumpisha. Mkoloni anayemmiliki mwanamke huyo, aliyesimama hapo hapo, na aone moshi tu.

Maasi ya watumwa ya Agosti 1791 yatakushawishi umfanye mhusika kuwa jemadari. Kataa. Toussaint Louverture, kiongozi mashuhuri wa mapinduzi ambaye waandishi wengi humwiga, alikuwa mtu huru miaka mingi kabla ya maasi hayo. Wako ni yule anayeshika panga lile lile la kukatia miwa, asiyejua mpango wote, na anayeogopa.

Pia usiifunge hadithi tarehe 1 Januari 1804, siku ya uhuru. Chini ya Henri Christophe, jemadari wa zamani wa mapinduzi aliyejitawaza kuwa mfalme mwaka 1811, watu waliokwisha kukombolewa walilazimishwa kujenga ngome kubwa juu ya mlima. Mpandishe mhusika wako, sasa mzee, mlima huo akiwa na jiwe begani, na hapo, kwa mara ya kwanza, mnyime muujiza: amwite mbu, na mbu asije.