Kabla hujanunua nyumba ndani ya geti Bagamoyo

Ukitoka Dar es Salaam, ukishavuka Mto Mpiji unaingia Wilaya ya Bagamoyo, na kuanzia Mapinga, Kerege hadi Zinga mabango ya viwanja na nyumba hayaishi. Ahadi karibu ni ileile: ukuta mmoja, geti moja, mlinzi, barabara za ndani, makazi yenye mpangilio. Mnunuzi huuliza bei, ukubwa wa kiwanja na umbali kutoka lami. Ni nadra kumsikia akiuliza: nikishahamia, nani atakuwa na haki ya kunikataza kufuga kuku, na haki hiyo kaipata wapi?

Anza na hilo. Watu wameona video za Marekani, ambako jumuiya ya wenye nyumba humwandikia mtu faini kwa sababu ya majani marefu, na deni likikaa nyumba yenyewe huweza kupigwa mnada. Katika majimbo mengi ya kule ni kweli, kwa kuwa masharti husajiliwa pamoja na ardhi na hufuata nyumba hata ikiuzwa. Kwetu inategemea unanunua nini. Ukinunua sehemu ya ghorofa, ipo Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008: unapata hati ya sehemu yako, ngazi na paa mnamiliki kwa pamoja, na chama cha wamiliki kina nafasi yake kisheria. Ukinunua nyumba ya chini iliyo kwenye kiwanja chake ndani ya ukuta, kwa kawaida jumuiya inakubana kwa kile ulichotia saini. Kwa hiyo omba katiba na kanuni za jumuiya kabla ya kulipa hata hela ya kushikia nyumba, usome, kisha uone kama mkataba wa mauziano unazitaja. Uliza pia jumuiya imesajiliwa wapi: kwa Msajili wa Jumuiya, kama kampuni, au haijasajiliwa popote. Kundi la WhatsApp linaweza kuwa na mwenyekiti, katibu na mhazini wenye maneno makali, lakini haliwezi kumshtaki mtu, wala kushtakiwa likila michango yenu.

Hati nayo ina masharti yake, na hayo ni ya serikali, hayajadiliwi kwenye kikao cha wakazi. Soma kipengele cha matumizi. Kama kimeandikwa makazi, duka la mbele ya nyumba au nyumba ya wageni vinahitaji kubadilishiwa matumizi kwanza, hata kama majirani wote wamekubali. Angalia muda uliobaki (hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99), na kama ni kiwanja kitupu angalia umepewa muda gani wa kukiendeleza. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati ujue mwenye jina ni nani na kama kuna rehani. Kwa maeneo ya Bagamoyo ongeza swali moja: ardhi hii ilikuwa ya kijiji? Kama ilikuwa, ilishahamishwa kuwa ardhi ya jumla (isiyo ya kijiji wala ya hifadhi) na kupimwa, au muuzaji anakata vipande vya shamba na kuviita mradi? Ukiwa na ramani ya upimaji mkononi, tembea eneo lote. Tafuta bikoni zako, yaani alama za mipaka ya kiwanja, kisha tafuta sehemu zilizoandikwa eneo la wazi, uone kama pana nyumba ya mtu. Barabara za ndani nazo zitazame: kama kwenye ramani ni za umma, uliza nani aliruhusu geti liwekwe.

Sasa michango, na hapa ndipo nyumba nzuri zinapogeuka ugomvi. Muuzaji atakutajia ada ya mwezi. Isikutulize. Uliza ni nyumba ngapi zinalipa kweli, maana viwanja vingi huku ni vya watu wanaoishi Dar au nje ya nchi, wamenunua na kuviacha na msingi tu. Chukulia mtaa una viwanja 40, na gharama za walinzi, taa, taka na umeme wa pampu ni shilingi 1,600,000 kwa mwezi. Kwa hesabu ya karatasi kila mmoja anatoa 40,000. Wakilipa 25 tu, mzigo ni 64,000 kwa kila anayelipa, au mlinzi wa usiku anaachishwa. Katiba inapaswa kusema kama mwenye kiwanja kitupu analipa, analipa kiasi gani, na asipolipa inakuwaje. Kama haisemi, wewe uliyehamia ndiye utakayembeba. Omba mapato na matumizi ya miaka miwili iliyopita, akaunti iwe kwa jina la jumuiya na iwe na watia saini zaidi ya mmoja. Kiongozi anayekasirika akiulizwa risiti amekupa jibu. Na usisahau deni la muuzaji: nenda kwa mhazini upate barua kwamba nyumba hiyo haidaiwi.

Kuhusu maji na umeme, uliza kila nyumba ina mita yake au mnagawana. Kodi ya majengo tangu mwaka 2021 inakatwa unaponunua umeme wa LUKU, kwa hiyo mita ya pamoja inaleta maswali ya nani kamlipia nani. Kama maji ni ya kisima badala ya DAWASA, yaonje. Karibu na pwani visima huwa na chumvi.

Kanuni za kuishi zisome ukifikiria familia yako ilivyo, si unavyotaka ionekane. Rangi ya ukuta haimsumbui mtu kwa muda mrefu. Kinachosumbua ni msiba, pale ndugu wanapokuja na mikeka wakalala siku tatu, turubai limefunga barabara, masufuria yako nje, na mlinzi getini anadai orodha ya majina. Kinachosumbua ni harusi yenye muziki hadi usiku wa manane, maulidi yenye vipaza sauti, mbuzi wa Idi aliyefungwa nyuma ya nyumba tangu wiki iliyotangulia. Uliza wazi: shughuli zinaombewa ruhusa kwa nani, siku ngapi kabla, na mwisho wa muziki ni saa ngapi? Msiba unaombewaje ruhusa? Kanuni isiyoweka mlango wa msiba iliandikwa na mtu aliyenakili ya nchi nyingine, na utaona siku ya kwanza mtu akifariki kila mmoja ataivunja, mwenyekiti akiwa wa kwanza. Uliza pia kuhusu mifugo, wapangaji, kupangisha chumba kwa siku kwa watalii, na saa ambazo mafundi wanaruhusiwa kugonga.

Viwango vya ujenzi vipimwe kwa hali ya hewa. Upepo wa bahari una chumvi inayokula bati na nondo, hivyo kama kanuni inalazimisha aina moja ya paa au geti la chuma, mwulize fundi wa hapohapo litadumu kiasi gani. Ruhusa ya jumuiya kuongeza chumba haiondoi kibali cha ujenzi cha halmashauri. Vyote viwili vinahitajika. Kwa wanaotamani nyumba ya ufukweni, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka baharini au mtoni. Pima mwenyewe. Na aliyependa nyumba ya mawe yenye mlango wa nakshi kule Mji Mkongwe wa Bagamoyo ajue hakuna geti, lakini kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Huko ni kawaida kwenda kuuliza wahusika wa mambo ya kale kabla ya kubomoa hata ukuta mmoja.

Migogoro haikosi. Tazama katiba inasemaje kuhusu usuluhishi, na jitambulishe mapema kwa mwenyekiti wa kitongoji au kijiji. Geti halikuondoi kwenye utawala wake. Kwa mgogoro wa ardhi, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu, haliamui tena. Likishindwa ndani ya siku 30, shauri linaweza kupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kabla ya kutia saini, nenda kwenye mtaa huo mara mbili bila dalali: Jumamosi usiku, na siku ya mvua kubwa ya masika. Usiku utasikia kelele na kuona kama mlinzi yuko macho. Kwenye mvua utaona maji ya barabara ya ndani yanaishia kwa nani, na kama karo la jirani linafurika kuelekea ukuta wako. Ongea na mpangaji kuliko mwenye nyumba, kwa kuwa mpangaji hana nyumba ya kukuuzia.